Sahani ya Mapumziko

6 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Huku kwetu tumeamka salama. Baba alifika wiki mbili zilizopita kutoka matibabu huko kwako, miguu imevimba kwa kukaa ndani ya basi siku mbili, lakini anacheka. Amesema nikuambie kwamba kitanda chako cha wageni bado kinalia kama mbuzi. Yule paka uliyemwita mwizi amezaa watatu chini ya sinki. Mimi nimemaliza mtihani, niko nyumbani nasubiri matokeo. Nafua, napika, na sanduku langu la shule nimeliweka chini ya kitanda maana sina cha kulifanyia.

Shangazi, zile kanuni kumi na moja za chakula cha Baba nimezibandika kwenye mlango wa kabati la jikoni. Umezichapa vizuri, hakuna hata herufi iliyorukwa. Nimezishika zote kichwani. Kidonge cha sukari asubuhi, kidonge jioni. Vya kukaanga marufuku. Soda marufuku. Nusu ya sahani iwe mboga. Siku za kawaida hazinipi shida, Baba anakula ninachompa na hata kusifia anasifia.

Shida ni Jumamosi. Mpira ukianza wanakuja Kinyozi na yule mzee aliyestaafu posta, wanayemwita Nyongeza kwa sababu mpira ukiisha yeye bado yumo ndani. Wanakuja na viazi vya kukaanga vimefungwa kwenye gazeti mpaka gazeti limelowa, soseji, na chupa kubwa ya soda. Baba hula huku macho yako kwenye televisheni, na mkono wa kushoto unakwenda na kurudi kama si wake. Jumamosi iliyopita niliwakatia karoti na matango, nikayapanga vizuri kwenye sinia. Kinyozi akachukua karoti moja, akaichomeka sikioni kama penseli, akasema, "Mwite fundi, kazi imeanza." Wakacheka wote. Baba naye alicheka. Nikarudi jikoni.

Unanijua, Shangazi. Sauti yangu mbele ya watu haitoki. Mwalimu wetu wa darasa alikuwa ananiita Redio ya Betri Mbovu. Sasa nitawaambiaje watu wazima waache kumlisha Baba? Naogopa. Mama alivyotutoka tumebaki wawili tu, na ule mguu wa Baba una kidonda kinachokataa kukauka.

Jambo lingine. Zahanati wanakompa vidonge wameomba kuona karatasi ya daktari yenyewe, siyo kanuni ulizochapa wewe. Baba anasema yeye alikuwa kwenye benchi nje, wewe ndiye uliyeingia kwa daktari mwishoni ukatoka na karatasi. Naomba unitumie.

Mwanao

19 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako niliisomea mezani hapa masijala, rundo la mafaili mbele yangu na bosi anakohoa mlangoni. Goti langu ni lilelile. Jirani wa juu ameanza kujifunza gitaa, Mungu anisaidie. Hongera kwa kumaliza shule.

Sasa tuache salamu. Baba yako nimemlea mimi. Nilimfunga kamba za viatu mpaka akaanza kuota ndevu. Alipokuwa mtoto aliumwa tumbo kila siku ya kuchota maji, na likapona kila ndoo ilipokuwa imeshajaa. Najua kila hila iliyomo mwilini mwake. Wewe unakata karoti na kulia jikoni. Ndivyo mama yako alivyokuwa, mpole, na upole wake haukumsaidia mtu yeyote, hata yeye mwenyewe. Kinyozi leo anachomeka karoti sikioni, kesho atasimama kwenye kaburi la baba yako na bado atapata cha kuchekea.

Huwezi kusema? Basi usiseme. Baba yako alipuliza filimbi viwanjani miaka ishirini na miwili. Hamwogopi daktari, haniogopi mimi, lakini kadi anaiheshimu. Tafuta karatasi ngumu ya njano na nyekundu. Akigusa kisichoruhusiwa, inua ya njano. Akirudia, inua nyekundu, na atoke sebuleni mpaka mpira uishe. Ufanye mbele ya wageni. Hasa mbele ya wageni.

Siku ya mpira usimpe chakula cha mchana, la sivyo atakula mara mbili. Sahani yake moja itoke wakati wa mapumziko, siyo kabla.

Na atajifanya. Atashika kichwa, atasema kizunguzungu, ataomba kidogo tu cha kuonja. Refa anayemhurumia mchezaji anayejirusha si refa. Hayo ni maneno yake mwenyewe, muulize.

Shangazi yako

11 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na pole kwa gitaa. Paka wameshafumbua macho. Matokeo bado.

Imefanya kazi! Sikuamini. Ya njano nimeikata kwenye jalada la daftari langu la hesabu, na nyekundu kwenye boksi la majani ya chai. Jumamosi nilisimama karibu na pazia na kadi zikiwa kwenye mfuko wa sketi. Baba alinyoosha mkono kwenye viazi, nikainua ya njano. Sikusema neno hata moja. Nyongeza akapiga makofi mpaka miwani ikamdondoka.

"Refa kamwona!" alisema. "Mzee, umeonywa!"

Baba akanitazama. Akaiweka chini ile chipsi, akajifuta vidole, akasema, "Sawa, refa." Kama wachezaji walivyokuwa wakimwambia yeye viwanjani, vilevile, kwa heshima. Mapumziko nikamletea sahani yake: mboga, maharage, nusu chungwa. Akamaliza yote.

Jumamosi iliyofuata alipata mbili. Nilipoinua nyekundu alisimama palepale. Kinyozi alimshika shati, akamwambia, "Kaa bwana, hii ni nyumba yako, huyu ni mtoto." Baba akamtoa mkono. "Kadi ikishatoka mfukoni hairudi," alisema. Akaenda chumbani akafunga mlango, maana anasema mchezaji aliyetolewa habaki hata kwenye benchi. Timu yake ilifunga mara mbili, hakuona hata moja.

Sasa wananiita Refa. Nikienda dukani watu wananisalimia kwa jina hilo. Ni mara ya kwanza watu kunisalimia wao kwanza. Sijui kama ni vibaya kufurahi.

Zahanati wameuliza tena ile karatasi.

Mwanao, Refa

30 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Hapo umenifurahisha. Nilisoma barua yako kwa sauti, karani mwenzangu akacheka mpaka akamwaga wino.

Lakini usilewe makofi. Naona umeacha sukari kwenye kabati, maana hukuitaja. Iondoe. Ifungie mahali asipofika. Asali pia, na jemu, kama ipo. Asikudanganye na chai chungu kwamba haishuki, itashuka.

Goti si zuri. Karatasi ipo salama.

Shangazi yako

2 Mei

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti linakubeba. Paka wawili wamechukuliwa, mmoja amebaki, Baba amemwita Mshika Kibendera kwa sababu anakimbia pembeni ya ukuta tu.

Sukari nimeifungia kwenye sanduku langu la shule, na ufunguo nimeuvaa shingoni. Kidonda cha mguu kimekauka. Zahanati walimpima wakasema sukari imeshuka vizuri sana, yule muuguzi akaniambia nimefanya kazi kubwa. Suruali zake zote nimezipunguza kiuno. Vidonge anameza vilevile, viwili kwa siku, kama ulivyochapa.

Ila Baba amebadilika. Hapigi tena kelele mpira ukichezwa. Anakaa mikono imewekwa juu ya magoti kama mtu anayesubiri kuitwa ofisini. Kinyozi anamtania. "Jamani msitafune kwa nguvu, mfungwa anasikia." Jumamosi moja alileta kuku wa kukaanga, akashika paja mbele ya pua ya Baba, akalipitisha taratibu kushoto na kulia, akasema anapima harufu kama ni ya kuotea. Mkono wa Baba haukutoka gotini. Nyongeza alicheka, halafu akaacha kucheka kabla ya wengine. Wiki iliyofuata hakuja.

Jumatano jioni, sisi wawili tu, Baba alikuja jikoni. Shati limelowa mgongoni na hakukuwa na joto. Akasema, "Mwanangu, mwili wangu unadai kitu, hata sijui ni nini. Nipe kijiko kimoja tu cha sukari." Vidole vyake vilikuwa vinacheza. Nikakumbuka ndoo ya maji na tumbo la kuumwa. Nikamwonyesha mlango wa kabati, zile kanuni. Akazisoma moja moja mpaka ya kumi na moja, akasema, "Kweli, haipo." Akala maharage yaliyobaki ya mchana, akalala.

Nilifanya sawa, Shangazi? Karatasi ya daktari inasema chochote juu ya kutetemeka? Nakuuliza kweli. Nitumie hata nakala ya mkono.

Mwanao

21 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Nina kazi nyingi, nitaandika kifupi. Ulifanya sawa. Kidonda kimekauka, unataka ushahidi gani mwingine? Nimekwambia atajifanya, amejifanya, na wewe unaanza kuyumba. Fainali inakuja, siku hiyo ndiyo watakuja na vyakula vyote vya duniani. Ukilegea siku hiyo, miezi yote hii umefanya mchezo.

Shangazi yako

14 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Naandika nikiwa kwenye benchi la hospitali, kalamu nimeazima kwa mfagiaji. Salamu nyingine sina.

Jumamosi ilikuwa fainali. Mpira ulianza saa kumi alasiri. Baba alimeza kidonge asubuhi, akanywa chai chungu. Mchana sikumpa kitu, kama ulivyosema, ili ale sahani ya mapumziko. Nilimwandalia nzuri kuliko zote, nilimwekea hata kipande cha samaki wa kuchemsha. Niliifunika jikoni.

Kinyozi alikuja na watu wengine wanne wa kibandani kwake. Sebule ilijaa. Walikuwa wamekuja kutazama mpira na kumtazama Baba, nilijua, na nilivaa shati langu jeusi la shule ili nifanane na refa. Walipiga makofi nilipoingia.

Dakika ya ishirini hivi Baba alichukua soda ya Kinyozi kutoka mezani. Nikainua ya njano. Akairudisha. Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kidevuni. Akaanza kusema maneno yasiyoeleweka, alimwita Kinyozi kwa jina la mtu mwingine, wakacheka. Kisha akaishika tena ile chupa kwa mikono miwili. Ilikuwa inagonga meno yake, soda nyingine ikamwagikia kifuani.

"Anajirusha huyo!" Kinyozi alipiga kelele. "Refa, usidanganyike! Huyo anajirusha!"

Wote wakaanza kuimba, nyekundu, nyekundu, na kugonga meza.

Niliinua nyekundu.

Baba aliitazama kwa muda mrefu kama anasoma. Kisha akaiweka chupa chini, polepole, akasimama. Alikosea mlango mara ya kwanza, akaingia kwenye pazia, wakacheka tena. Akaupata. Nilisikia mlango wa chumbani ukifungwa. Baadaye kidogo kulikuwa na kishindo, lakini hapo hapo lilikuwa limeingia goli, kila mtu alikuwa anaruka. Nikadhani ametupa kiatu kwa hasira. Mapumziko yalipofika nilibeba sahani yake mpaka mlangoni, nikakumbuka kwamba aliyetolewa hana mapumziko. Nikairudisha jikoni.

Mpira ulikwenda mpaka dakika za nyongeza na penalti. Nilifungua mlango wake karibu saa moja. Alikuwa chini, kati ya kitanda na ukuta, mdomo unatoa povu, macho yamefunguka na hayanioni.

Hapa wanasema sukari ilikuwa imeshuka mpaka mashine ikashindwa kuisoma. Daktari kijana alituuliza, "Nani aliwaambia msimpe kitu cha sukari akitetemeka? Nani alimnyima chakula na kidonge kiko tumboni?"

Anapumua. Haamki.

Naomba ile karatasi.

Mwanao

9 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Sijapata jibu, labda posta. Baba amefumbua macho tarehe ishirini na sita. Anameza uji akilishwa. Matokeo yangu yametoka, nimefaulu. Nilimwambia Baba akasema, "Vizuri," kisha akaniuliza mimi ni wa wodi gani.

Karatasi.

Mwanao

28 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Huku baridi imezidi. Jirani wa gitaa amehama, kaja mwenye watoto mapacha. Hongera kwa kufaulu, nilijua kichwa chako si kibaya.

Karatasi uliyoitaka nimeiweka humu ndani. Utaona mstari wa mwisho, ule wa kalamu. Ndiyo, sikuuchapa. Ulitaka nikuandikie kwamba akitetemeka apewe soda? Angetetemeka kila Jumamosi. Angetetemeka kushoto na kulia. Ningekuwa nimempa ufunguo wa duka zima. Niliuacha kwa sababu namjua, na kwa sababu nilitaka aishi.

Kabla hujaanza kunihukumu, nikuulize swali moja. Mimi nilikuwa mbali, siku mbili kwa basi. Kadi ilikuwa mkononi mwa nani?

Karatasi hiyo ukishaisoma uichome. Watu hawataelewa. Mwezi wa tisa nitachukua likizo nije nimwone mdogo wangu. Niandalie kitanda kisicholia.

Shangazi yako

20 Agosti

Shangazi,

Shikamoo. Baba ametoka hospitali. Mshika Kibendera alimkimbilia mlangoni, Baba akamkwepa kama hamjui. Shati lake anavaa mwenyewe, vifungo nafunga mimi.

Karatasi nimeisoma. Nimeibandika kwenye mlango wa kabati, juu ya kanuni zako kumi na moja. Yeyote anayeingia jikoni anaiona, mwandiko wa daktari, maneno aliyoyapigia mistari miwili chini yake: "Akitetemeka, akitoka jasho au akiongea ovyo, mpe soda au sukari hapo hapo. Asikose mlo akishameza kidonge." Maneno kumi na sita. Nimeyahesabu mara nyingi. Nyongeza aliyasoma akatoka nje bila kuaga. Kinyozi sijui kama anajua kusoma, alisimama pale muda mrefu.

Uliuliza kadi ilikuwa mkononi mwa nani. Mwangu. Nitakuambia na lile ambalo hukuuliza. Mkono wake ulipotetemeka mimi niliuona. Nilijua viwanjani watu hawajirushi namna ile. Lakini walikuwa wanaimba, na walikuwa wananiimbia mimi, na nilitaka waendelee. Hilo huwezi kunichapia wewe.

Sasa nikuambie tunavyoishi, ili ukija usishangae.

Jumamosi namwashia mpira. Wageni hawaji, isipokuwa Kinyozi. Simnyimi chakula cha mchana tena, na mapumziko namletea sahani yake: mboga, maharage, chungwa. Anakula vizuri, macho kwenye televisheni, na mkono wa kushoto unakwenda na kurudi kama zamani. Soda ipo mezani, imefunguliwa. Haigusi. Siku moja alianza kutoka jasho, nikamwekea glasi mdomoni, akakaza midomo akatikisa kichwa. Ilibidi nimlishe sukari kwa kijiko huku Kinyozi amemshika kichwa.

Vitu vyekundu nimeviondoa nyumbani. Ndoo nimempa jirani. Nyanya nazikatia jikoni, nazisaga kwenye mchuzi mpaka zipoteze rangi. Wiki mbili zilizopita Kinyozi alikuja na jezi nyekundu, alisahau. Baba alipomwona alisimama. Hakugomba. Aliweka kijiko sawasawa kando ya sahani, akatoka nje, na mvua ilikuwa inanyesha. Akasimama uani, uso umeelekea ukutani. Tulimvuta, hakuvutika. Nilimwomba, nikamwambia, "Baba, mimi ni mwanao, ingia ndani." Akasema mchezaji aliyetolewa harudi mpaka mpira uishe.

Kinyozi alilia kwenye mvua kama mtoto. Mimi nikaingia ndani nikatafuta filimbi yake kwenye droo. Nikapuliza mara tatu.

Akageuka hapo hapo. Maji yalikuwa yanamchuruzika puani. Akanijia, akajifuta mkono kwenye suruali, akanipa.

"Umechezesha vizuri, refa," alisema. "Huogopi watu. Unatokea wapi?"

Tangu hapo filimbi iko shingoni mwangu, palipokuwa na ufunguo. Sauti yangu siku hizi inatoka, Shangazi. Dukani nikiita, wanasikia mpaka ng'ambo ya barabara.

Basi njoo. Kitanda nimekipiga misumari, hakilii. Njoo na nguo yoyote, ila usije na lile gauni lako jekundu la safari. Ukija nalo, Baba atatoka nje kabla hujamaliza kusalimia, na mimi filimbi sitaipuliza mpaka basi lako liondoke.

Refa